Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: wazee wasisubiri kuugua mkanda wa jeshi ndipo wasikie habari za chanjo

Kwa Waheshimiwa wote mliopewa dhamana ya afya ya umma, upangaji wa ratiba za chanjo na matunzo ya wazee,

YAH: ELIMU, TIBA YA MAPEMA NA CHANJO YA MKANDA WA JESHI KWA WATU WENYE UMRI MKUBWA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Naandika nikiwa mzee niliyeugua mkanda wa jeshi, ambaye mpaka leo ubavu wangu wa kushoto hauvumilii kuguswa na shati, na naandika pia kwa niaba ya wenzangu wa rika langu waliopitia ugonjwa huo huo, wengine wakiwa katika hali mbaya kuliko yangu. Jambo hili tumekwisha kulisema mahali panapostahili: kwa waganga waliotutibu, kwa wasimamizi wao, na kwa barua ambazo zilipokelewa, zikagongwa muhuri na kuwekwa kwenye jalada. Majibu yalipokuja yalikuwa ya heshima, lakini hayakuwa na kitu ndani yake. Tuliambiwa kwamba ugonjwa huu ni wa kawaida kwa umri wetu, kwamba hauui, na kwamba tuvumilie. Kuvumilia tunavumilia, maana hatuna namna nyingine. Kinachotukera ni kuona kundi jingine la wazee likiingia kwenye mateso yale yale wakati njia ya kuyazuia inajulikana.

Jambo ninalolisema ni moja, na yote yatakayofuata yanalitegemea. Asili ya mkanda wa jeshi inajulikana, watu unaowapata zaidi wanajulikana, muda wa kuanza dawa unajulikana na chanjo inayouzuia inajulikana. Lakini wazee walio wengi hupata habari hizo zote kwa mpigo mmoja, siku ile wanapoketi mbele ya mganga malengelenge yakiwa yamekwisha pasuka, muda wa dawa ukiwa umepita, na chanjo ikiwa haiwezi tena kuzuia lililokwisha tokea. Kero zetu ni hizi zifuatazo.

1. Ugonjwa wenyewe haujaelezwa kwa wanaohusika nao

Mtu anapougua tetekuwanga, mara nyingi utotoni, hupona baada ya wiki moja au mbili, na kila mtu nyumbani huhesabu kwamba jambo limekwisha. Halijaisha. Kirusi kinachosababisha tetekuwanga, kiitwacho varisela-zosta, hakitoki mwilini. Hurudi nyuma kupitia mishipa ya fahamu, yaani neva, kikajibanza kwenye mafundo ya neva yaliyo kandokando ya uti wa mgongo na chini ya fuvu, na hapo kinaweza kukaa miaka hamsini au sitini bila kumsumbua mwenyewe, kama kaa la moto lililofukiwa majivuni. Kinachokizuia kisiamke ni kinga ya mwili, na kinga hiyo hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, au inapodhoofishwa na maradhi na dawa. Ikishapungua vya kutosha, kirusi huanza kuzaliana upya, husafiri kwenye neva hadi kwenye ngozi, na kutokeza malengelenge katika eneo lile tu ambalo neva hiyo inalihudumia. Ndiyo sababu upele wa mkanda wa jeshi kwa kawaida hukaa upande mmoja wa mwili, kifuani, kiunoni au usoni, na huishia katikati bila kuvuka kwenda upande wa pili.

Maarifa haya si mapya hata kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari János von Bókay wa Hungaria aliona watoto wakiugua tetekuwanga baada ya kukaa karibu na mtu mwenye mkanda wa jeshi, akahisi kwamba magonjwa haya mawili yana chanzo kimoja. Mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa Uingereza aliyewafuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi, alichapisha hoja kwamba mkanda wa jeshi ni kirusi kile kile cha tetekuwanga kinachoamka baada ya kinga kulegea. Zaidi ya nusu karne imepita tangu hapo, na bado mzee anayepata upele huu huambiwa na majirani zake kwamba amerogwa, au kwamba mkanda ukizunguka mwili mzima ukakutana basi atakufa.

Dhana iliyotudhuru kuliko zote ni ile inayouchukulia upele huu kuwa ni tangazo la Virusi vya UKIMWI. Ni kweli kwamba mtu anayeishi na virusi hivyo, hasa asiyetumia dawa, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata mkanda wa jeshi, na mganga anayemshauri mgonjwa wake apime hafanyi kosa. Lakini mkanda wa jeshi si kipimo. Mtu anaweza kuupata kwa sababu tu ameishi miaka mingi, na kwa watu wa umri wetu hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Kwa kuwa hakuna aliyelitamka hilo hadharani kwa sauti yenye mamlaka, nimewaona wazee wenye heshima zao wakifunika upele kwa nguo nzito na kukaa ndani hadi ukauke, wakiogopa watoto wao watafikiri nini. Aibu hiyo ina gharama ya kitabibu, na gharama hiyo ndiyo kero inayofuata.

2. Saa 72 hupita bila mtu kujua kwamba zinahesabiwa

Zipo dawa zinazokizuia kirusi hiki kuzaliana, nazo ni asikloviri, valasikloviri na famsikloviri. Hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele ulipotokea. Baada ya hapo mganga bado anaweza kuzitoa, hasa kama malengelenge mapya yanaendelea kutoka au jicho limehusika, lakini sehemu kubwa ya faida yake huwa imekwenda. Siku tatu ni muda mfupi mno kwa mtu asiyejua anachokitafuta.

Naomba mfikirie jinsi siku hizo zinavyotumika. Mara nyingi maumivu hutangulia upele kwa siku moja hadi tano. Mzee huhisi ubavu unachoma au mgongo unavuta, akadhani ni moyo, figo, nyongo au kazi ya jana, na wakati mwingine hupewa dawa za magonjwa hayo. Upele unapotokea hupaka chochote kilicho karibu na kusubiri. Akiamua kwenda kutibiwa, hupangiwa tarehe ya kumwona daktari kwa utaratibu ule ule unaotumika kwa mtu mwenye ukurutu wa miaka kumi, na tarehe hiyo huwa ni wiki ijayo. Hakuna aliyefanya uzembe kwa makusudi hapo. Mfumo mzima haukuwahi kuambiwa kwamba mzee mwenye malengelenge ya upande mmoja ni mtu wa kuonwa leo.

Pamoja na hayo nataka niwe mkweli kuhusu dawa zenyewe. Zinafupisha ugonjwa na kupunguza ukali wake, lakini hazijathibitika kuwa zinazuia kwa uhakika yale maumivu yanayobaki baada ya upele. Kwa hiyo hata tungefika wote kwa wakati, tatizo kubwa kuliko yote lingebaki palepale, isipokuwa ugonjwa uzuiwe usitokee.

3. Upele ukikauka, mgonjwa huhesabiwa amepona

Malengelenge kwa kawaida hukauka na kufanya magamba ndani ya siku saba hadi kumi, na ngozi hutulia baada ya wiki mbili hadi nne. Daftari la zahanati hufungwa hapo. Kwa mgonjwa mzee, mara nyingi hapo ndipo ugonjwa wenyewe unapoanza.

Kirusi kinapopita kwenye neva huiacha imejeruhiwa, na neva iliyojeruhiwa hupeleka taarifa za maumivu pasipo na kitu kinachoumiza. Maumivu yakiendelea kwa zaidi ya miezi mitatu, waganga huyahesabu kuwa ni ugonjwa unaojitegemea. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani vinakadiria kwamba asilimia 10 hadi 18 ya wanaougua mkanda wa jeshi hupatwa na hali hii, na uwezekano huo hupanda sana kadiri umri unavyopanda. Kijana aliyeupata aghalabu husahau. Mwenye miaka sabini na mitano anaweza kubaki nao kwa miezi mingi, kwa miaka, au hadi mwisho wa maisha yake.

Asiyeyajua maumivu haya huyapunguza kwa maneno, kwa hiyo nitayaeleza kwa urefu kidogo. Kuna mchomo wa kudumu, ambao haupungui usiku. Kuna mishtuko inayokuja ghafla na kupita, ikimkatisha mtu maneno katikati ya sentensi. Na kuna lile ambalo watu hawaliamini mpaka waambiwe na daktari: kitu chepesi, kama shuka, upepo wa feni au mkono wa mjukuu, kikigusa eneo lile kinauma kuliko kugandamizwa kwa nguvu. Mtu aliye katika hali hiyo halali usingizi. Asipolala, hamu ya chakula hupotea, mwili hupungua, na taratibu huanza kukataa kutoka, kusafiri, hata kukumbatiwa. Familia humwona amekuwa mkali au mpweke na kusema uzee umemfikia.

Dawa za kawaida za maumivu husaidia kidogo sana kwa maumivu ya neva. Zipo zinazosaidia zaidi, kama amitriptilini, gabapentini, pregabalini na plasta za lidokeini, lakini hazimsaidii kila mtu, na baadhi yake huleta usingizi na kizunguzungu. Mzee mwenye kizunguzungu huanguka, na mzee anayeanguka huvunjika nyonga. Sehemu hii ya hesabu haimo kwenye takwimu zozote za mkanda wa jeshi, kwa sababu aliyevunjika nyonga huandikwa kuwa amevunjika nyonga.

4. Jicho na sikio havisubiri

Katika takribani mgonjwa 1 hadi 2 kati ya 10, kirusi huamka kwenye neva inayohudumia jicho na paji la uso. Malengelenge yakionekana kwenye ncha ya pua, hiyo ni alama iliyotambuliwa tangu enzi za daktari Jonathan Hutchinson katika karne ya 19 kwamba jicho lenyewe huenda likashambuliwa, na mgonjwa anapaswa kuonwa na daktari wa macho haraka kwa sababu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Kirusi kikiamka kwenye neva ya uso karibu na sikio, upande mmoja wa uso unaweza kupooza na usikivu ukapungua. Aidha, tafiti zimeonyesha kwamba hatari ya kiharusi hupanda katika wiki na miezi inayofuata mkanda wa jeshi. Sijapata kuona bango moja, katika chumba chochote cha kusubiria, lenye picha ya ncha ya pua.

5. Chanjo ipo, lakini wazee hawaambiwi

Hapa ndipo lawama yangu inapokaza. Mtoto akizaliwa, kadi yake ya chanjo hutangulia hata jina lake. Mtu akivuka miaka hamsini, sitini, sabini, hakuna anayemuuliza amechanjwa nini, utadhani chanjo ni jambo la watoto peke yao.

Chanjo ya kwanza ya mkanda wa jeshi, Zostavax, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Ilitengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa vya uzao wa Oka, ule ule ambao Michiaki Takahashi wa Japani aliutumia katika miaka ya 1970 kwa chanjo ya tetekuwanga ya watoto, ila kwa dozi kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ulioshirikisha watu 38,546 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ulionyesha kwamba iliupunguza mkanda wa jeshi kwa takribani asilimia 51, na maumivu yanayobaki kwa takribani asilimia 67. Nguvu yake hata hivyo ilikuwa ikififia mwaka hadi mwaka, na kwa kuwa ilikuwa na kirusi hai, haikufaa kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana. Marekani iliacha kuitumia mwaka 2020.

Ya pili, Shingrix, iliidhinishwa mwaka 2017, na haina kirusi hai. Ina protini moja tu ya kirusi, iitwayo glaikoprotini E, pamoja na kiambata kinachoisukuma kinga ya mwili iitikie kwa nguvu. Hutolewa kwa dozi mbili, ya pili ikifuata miezi miwili hadi sita baada ya ile ya kwanza. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 na 2016, iliuzuia mkanda wa jeshi kwa takribani asilimia 97 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, na kwa takribani asilimia 90 kwa wale wa miaka 70 na kuendelea. Tarakimu hiyo ya pili ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu chanjo nyingi hupoteza nguvu zinapokutana na mwili uliozeeka. Waliofuatiliwa baada ya majaribio hayo wameonekana bado wana kinga kubwa hata baada ya miaka kumi.

Mambo mengine matatu yanapaswa kujulikana na kila mzee, na sijui kwa nini hayasemwi. Hahitaji kukumbuka kama aliwahi kuugua tetekuwanga, kwa kuwa watu wazima walio wengi mno wana kirusi hicho mwilini hata wasipokumbuka. Aliyekwisha kuugua mkanda wa jeshi anaweza kuchanjwa baada ya ugonjwa kutulia, kwa sababu unaweza kurudi. Na chanjo hii si tiba: haiondoi maumivu yaliyokwisha kuanza. Hilo la mwisho ndilo linalolifanya suala la muda kuwa suala zima.

6. Wenye kinga dhaifu wameachwa nyuma zaidi

Wanaotibiwa saratani, waliopandikizwa viungo, wanaoishi na Virusi vya UKIMWI na wanaotumia dawa za kushusha kinga kwa muda mrefu hupata mkanda wa jeshi kwa wingi na kwa ukali zaidi, na hawasubiri uzee. Marekani tangu mwaka 2021 imeshauri wenye kinga dhaifu wachanjwe kuanzia umri wa miaka 19. Watu hawa huonwa na waganga kila mwezi. Hakuna kundi lililo rahisi kulifikia kuliko hili.

Waheshimiwa, najua yatakayojibiwa, kwa kuwa mengine nimekwisha kujibiwa.

Mtasema kwamba ugonjwa huu hauui. Kwa walio wengi ni kweli. Lakini kipimo hicho hakitumiki kwingineko: jino lililooza haliui kwa kawaida, wala mtoto wa jicho, na bado mna kliniki za meno na za macho. Ugonjwa unaomnyang'anya mtu usingizi kwa miaka miwili una haki ya kuhesabiwa hata kama hauna safu kwenye rejista ya vifo.

Mtasema kwamba ni wachache wanaougua. Makadirio ya Marekani ni kwamba takribani mtu 1 kati ya 3 ataupata katika maisha yake. Mkijibu kwamba hapa petu hakuna takwimu, nitauliza ni nani aliyepewa kazi ya kuzikusanya, maana ugonjwa usioandikwa hautaonekana kuwa mwingi mpaka mwisho wa dunia. Wakati huo huo Shirika la Afya Duniani linatarajia kwamba ifikapo mwaka 2030 mtu 1 kati ya 6 duniani atakuwa na umri wa miaka 60 au zaidi, na kwamba ifikapo mwaka 2050 wanne kati ya watano wa rika hilo wataishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hoja ya uchache, hata kama ingekuwa na uzito leo, ina muda mfupi wa kuishi.

Mtasema kwamba chanjo ni ghali na fedha ni za watoto kwanza. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na sitadai mtoto anyimwe chanjo ya surua ili mimi nichanjwe. Ninachokataa ni kuitumia hoja ya fedha kama kauli ya mwisho pale ambapo hesabu haijawahi kufanyika. Uingereza ilianza programu yake mwaka 2013 na watu wa miaka 70 na wa miaka 79, kwa hatua, na mwaka 2023 ikaanza kuhamia kwenye Shingrix na kuushusha umri hadi miaka 65. Australia ilianza mwaka 2016 na watu wa miaka 70, na mwaka 2023 ikafungua mlango kuanzia miaka 65. Japani iliingiza chanjo hii kwenye ratiba ya kawaida ya wazee mwezi Aprili 2025. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka wa msimamo, likizishauri nchi ambazo mkanda wa jeshi ni tatizo kubwa la afya ya umma zifikirie kuiingiza chanjo hii. Najua nchi hizo tatu ni tajiri. Lakini hata zenyewe hazikumchanja kila mtu kwa siku moja. Zilichagua umri, zikaanza. Na kuwaambia watu kwamba kitu kipo hakuhitaji bajeti ya kukinunua.

Katika hesabu hiyo iingizwe pia habari iliyotoka Wales, sehemu mojawapo ya Uingereza. Programu ya mwaka 2013 iliweka mpaka wa tarehe ya kuzaliwa: aliyezaliwa kabla ya tarehe 2 Septemba 1933 hakustahili chanjo, na aliyezaliwa siku hiyo au baadaye alistahili. Watafiti walilinganisha watu waliotofautiana umri kwa wiki chache tu katika pande mbili za mpaka huo, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2025 ulikuta kwamba katika miaka saba iliyofuata, waliochanjwa walipata demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwa kiasi kilichopungua kwa takribani moja ya tano. Chanjo iliyohusika ni ile ya zamani. Sidai kwamba chanjo ya mkanda wa jeshi ni dawa ya ugonjwa huo wa kupoteza kumbukumbu, na ningemkemea yeyote atakayeitangaza hivyo. Nasema tu kwamba anayepiga hesabu ya gharama hawezi kuupita utafiti wa aina hii akiwa amefumba macho.

Mtasema, mwisho, kwamba wazee wanaogopa madhara. Basi waelezwe madhara. Mkono huuma, mwili huchoka, misuli na kichwa huuma, pengine homa huja, na kwa kawaida yote hayo huisha ndani ya siku mbili au tatu. Takribani mtu 1 kati ya 6 katika majaribio alisumbuka kiasi cha kuacha shughuli zake kwa muda. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kuhusu ugonjwa wa Guillain-Barré, ambamo kinga ya mwili hushambulia neva, baada ya kuonekana ongezeko la takribani visa 3 kwa kila dozi milioni moja kwa watu wa miaka 65 na kuendelea. Mzee aliyeambiwa haya yote na kuchagua hataikimbia dozi ya pili baada ya homa ya usiku mmoja. Aliyefichwa ataikimbia, na atawaeleza wenzake kwa nini.

Kwa sababu hizo, tunaomba yafuatayo.

Kwanza kabisa, na hili halihitaji bajeti mpya, kila mtu anayefikisha miaka 50 na kila mwenye kinga dhaifu aelezwe na mhudumu wake wa afya, kwa lugha anayoielewa, mkanda wa jeshi ni nini, dalili zake za mwanzo ni zipi, na kwamba iko chanjo. Maelezo hayo yaseme wazi kwamba ugonjwa huu hautokani na uchawi, kwamba si uthibitisho wa Virusi vya UKIMWI, na kwamba mwenye upele hawezi kumwambukiza mtu mkanda wa jeshi, ingawa majimaji ya malengelenge yanaweza kumwambukiza tetekuwanga yule ambaye hajawahi kuiugua, hivyo upele ufunikwe na mgonjwa ajitenge na wajawazito na watoto wachanga wasio na kinga hiyo hadi malengelenge yote yakauke.

Tunaomba pia waganga na wauguzi wa ngazi ya kwanza waelekezwe kwamba mtu mzima mwenye maumivu na malengelenge ya upande mmoja aonwe siku hiyo hiyo, kwamba dawa za kuzuia virusi ziwepo katika vituo vya ngazi hiyo, na kwamba mwenye upele usoni apelekwe kwa daktari wa macho bila kusubiri zamu. Mgonjwa aitwe tena miezi mitatu baadaye, aulizwe kama bado anaumwa, na jibu lake liandikwe.

Kuhusu chanjo yenyewe, tunaomba kamati ya wataalamu ipewe jukumu la kutathmini kuingizwa kwake katika ratiba, ikianza na makundi mawili: wenye kinga dhaifu, na umri mmoja utakaochaguliwa kwa sababu zitakazoelezwa hadharani. Ripoti yake itolewe kwa umma hata kama itasema hapana. Na pale ambapo chanjo inapatikana kwa kununua, orodha ya mahali inapopatikana ibandikwe katika kila kituo, ili anayeweza kuigharamia, au mwenye watoto wanaoweza, asikose kwa kutojua.

Tunaomba jibu la maandishi kutoka ofisi yenye mamlaka, litakaloeleza kwa kila ombi kama limekubaliwa, limekataliwa au linasubiri nini, na litamkwe jina la cheo kitakachowajibika kwa kila moja. Barua hii inabaki wazi, na jibu lenu tutalitangaza kama lilivyo, bila kupunguza neno.

Natanguliza shukrani.

Wenu kwa heshima,

Mzee aliyeugua mkanda wa jeshi, kwa niaba yake na ya wenzake